Jina la Saba kwenye Kadi ya Injinia

Mama Darizi alikuwa ameshateremka ngazi zote, begi mkononi, na teksi inapiga honi barabarani, Kitinda alipoliona jina lile kwenye kompyuta.

Hapo ndipo tulipoachana juma lililopita, na najua wako walionilaani. Haya, tuendelee.

Majina yalikuwa saba. Mashine ya kudarizi. Simu ya Kitinda mwenyewe, binti wa mwisho wa nyumba hii. Simu ya kaka yake, Injinia. Printa ya kule mwisho wa ukumbi. Simu ya fundi saa wa chumba cha jirani. Simu ya Mama.

Na la saba: Malkia wa Uzi.

Hiyo ni simu ya dada yao, Malkia. Huyo ameondoka nyumbani miezi mitano sasa. Yuko mji mwingine, mwendo wa saa sita kwa basi. Ndiye huyo huyo ambaye Mama anamfuata kwa teksi ile inayopiga honi!

Kwa uliyeliokota gazeti hili leo kwa kinyozi ukingoja zamu yako, nitakueleza kwa ufupi. Injinia, ambaye uinjinia wake ni wa miezi mitatu na cheti kimoja, alichomeka kadi ya waifai kwenye kompyuta kuukuu ya karakana. Kadi hiyo imetengenezwa kupokea. Yeye akaigeuza igawe. Mtandao unaingia kwa waya mmoja, kadi inaumwaga hewani, na kila mwenye neno la siri anakunywa. Simu ikishalijua hilo neno haiombi tena. Ikifika tu karibu inajiunga yenyewe. Na kila inayojiunga, jina lake linaandikwa kwenye orodha.

Hewa hiyo haivuki mlango wa chini. Ghorofa yao, ngazi, kizingiti, basi.

"Kaka!" Kitinda aliita. "Malkia yuko hapa!"

"Yuko wapi?"

"Kwenye kadi."

Injinia alikuja akitafuna mswaki. Akaangalia, akacheka. "Hilo ni jina tu. Orodha ni kama mgeni mvivu, inachelewa kuaga. Ngoja dakika litafutika."

Walingoja. Halikufutika.

Kule chini honi ikanyamaza. Kitinda akakimbilia dirishani. "Mama! Mama, ngoja!"

Teksi ilishakata kona.

Akapiga simu. Simu ya Mama ikaita hatua tatu kutoka aliposimama, juu ya mashine ya kudarizi.

"Ameisahau," alisema Injinia.

"Mama? Mama hajawahi kusahau hata pini."

Kitinda akaiokota. Kwenye kioo palikuwa na ujumbe wa dakika kumi na mbili zilizopita, kutoka kwa Malkia. *Mama usije wiki hii. Nimetumwa kazini mji mwingine. Nitakujulisha.*

Mama aliusoma, akaiweka simu chini, akachukua begi akaenda. Kitinda alikuwepo na aliona. Alidhani ni haraka ya safari tu.

"Sasa nieleze, Injinia mkubwa," alisema. "Mtu anaandika yuko mbali. Simu anayoandikia iko humu ndani. Inawezekanaje?"

Injinia akautoa mswaki mdomoni.

Kwenye kona, mezani pake, Mjomba alikuwa anakata ncha za nyuzi kwa mkasi mdogo. Ni mdogo wake Mama, mtu wa maneno haba, na simu yake ni ya vitufe. Tangu siku ya kwanza hakuiamini hiyo kadi.

"Labda mtandao umechanganyikiwa," alisema, hakuinua kichwa.

"Mtandao hauchanganyikiwi, Mjomba. Watu ndio huchanganyikiwa."

Kitinda akatazama huku na huku. Jikoni kulikuwa na sufuria nzito ya chai. Akaileta, akaifunika juu ya antena ya kadi.

"Unafanya nini?" Injinia alipiga kelele. "Hiyo antena niliisubiri wiki mbili!"

"Naipunguza pumzi. Walio mbali watakatika. Aliye karibu atabaki."

Injinia akaigeukia orodha. Nadhani aliona wivu. Ni akili ambayo ilipaswa kuwa yake.

Printa ikaondoka kwenye orodha. Halafu fundi saa. Sauti yake ikapenya ukutani: "Nani kakata hewa huko? Injinia! Nilikuwa naongea na mteja, we!"

"Vumilia, jirani!"

"Nimevumilia tangu mwaka juzi!"

"Kaka, nenda ngazini na simu yako," alisema Kitinda. Injinia akaenda, naye akakatika.

Zikabaki nne. Mashine. Simu ya Kitinda. Simu ya Mama. Malkia wa Uzi.

Humu. Ndani ya chumba hiki! Na chumbani wamebaki wawili tu.

Kitinda hakugeuka. Sauti aliilainisha.

"Mjomba, samahani. Hebu niletee uzi mweusi kule stoo."

Mjomba akasimama. Joto lilikuwa limeshapanda, ila koti hakulivua. Akatoka nalo.

Jina la Malkia likafutika.

Akarudi. Mkononi alishika uzi mweupe. Akakaa. Sekunde zikapita, tano, kumi.

Malkia wa Uzi.

"Mjomba," alisema Kitinda, "vua koti."

"Nina baridi."

"Vua koti, Mjomba."

Mzee akalitazama koti lake kama ni la mtu mwingine. Akaingiza mkono mfuko wa ndani, akatoa simu yenye kava jekundu lililochanika pembeni. Kitinda aliijua ile mipasuko. Mmoja aliufanya yeye.

"Kwa hiyo unamwibia simu halafu unamwandikia Mama kwa jina lake?"

"Sikuiba."

"Yuko wapi?"

"Kaa chini, mwanangu."

"Nimeuliza yuko wapi, sijaomba kiti!"

"Nilidhani hewa haina daftari," Mjomba alisema taratibu. "Laini niliitoa ili asipigiwe. Nikajua nikiandikia hapa hapa nyumbani hakuna atakayeona."

"Hii hewa ina daftari, Mjomba. Yuko wapi?"

"Amekufa. Miezi miwili sasa."

Mlangoni kitu kilianguka. Injinia alikuwa amesimama pale na simu yake iko sakafuni.

Msomaji, sina la kupamba. Kitinda hakulia. Alilichukua lile donge la uzi mweupe akaanza kulikunjua, akalikunjua, mpaka likamwishia miguuni. Injinia alikuwa anauliza swali moja tu, "Unasemaje? Unasemaje?" kama redio iliyokwama.

Mjomba alisema yote kwa mara moja, kama mtu anayetapika.

Hospitali ya mji ule ilimpigia kwenye simu yake ya vitufe. Mama wakati huo alikuwa na mwezi mmoja tu tangu kiharusi. Mkono wa kushoto umelegea, na daktari ameonya kwamba kwa miezi mitatu asishtuliwe, hata kwa habari njema. Mjomba akaaga kwamba anakwenda kununua nyuzi. Alimkuta mpwa wake ana homa iliyoshuka kifuani. Siku ya pili akafa. Wafanyakazi wenzake wa kiwandani walisaidia kumzika. Siku ya tatu akarudi na simu ya marehemu begini.

"Nilikuja kuwaambia. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nafika mlangoni, begi bado liko begani, nasikia Mama yenu anapiga kelele za furaha. Malkia katuma sauti! Malkia!"

"Sauti gani?" Injinia aliuliza.

"Si ile ya 'Mama, nataka kurudi'? Aliirekodi wodini. Kule hakukuwa na mtandao, ikakwama ndani ya simu. Nilipovuka kizingiti na begi langu ikajituma yenyewe. Mimi sikugusa kitu. Nilikuta dada yangu analia na kucheka, ameishika simu kifuani. Tangu kiharusi hakuwa amecheka. Akaandika kujibu. Akangoja. Akangoja mpaka jioni, anaitazama simu kama mtoto anayengojea mzazi. Ningefanyaje?"

"Ungesema."

"Ndiyo. Ningesema. Kesho yake nikaandika: *Niko salama Mama*. Kwa kidole kimoja. Namba ya kufungulia alikuwa amenipa mwenyewe, kitandani. Basi, ukishaandika moja lazima uandike ya pili."

Mficha maradhi, kilio humfichua. Mjomba aliificha miezi miwili. Alikuwa anaiwasha ile simu chooni, anaandika, anaizima. Leo kwa kumwona Mama anafunga begi alibabaika, akaandika *usije*, akasahau kuzima.

Kitinda alisimama ghafla.

"Na sasa hivi Mama anakwenda huko."

Wote watatu walikiona kitu kimoja. Mama na mkono wake mmoja uliolegea, saa kumi jioni, anagonga mlango wa bweni la wafanyakazi. Anafungua msichana asiyemjua. Mama anasema, mimi ni mama yake Malkia. Na yule msichana anafunika mdomo kwa kiganja.

"Basi ni la saa ngapi?"

"Saa nne."

Ilikuwa saa tatu na dakika thelathini na tano.

*

Walifika stendi saa nne kasoro dakika mbili. Basi limeshawasha injini, linarudi nyuma. Injinia akalipiga ubavuni kwa viganja vyote.

"Simama! Mama yetu yumo!"

"Kila aliyemo ni mama wa mtu!" alijibu kondakta. Lakini akafungua.

Kitinda akapanda. Akapita viti vyote mpaka nyuma, akitazama kila uso. Mama hayumo.

"Ameshuka?" alimuuliza kondakta.

"Mwenye mkono mbovu? Hajapanda kabisa."

Basi likaondoka na vumbi lake. Wakabaki wamesimama, mapafu yanawaka, hawajui waende wapi. Kitinda alianza kuwaza mabaya: ameanguka njiani, teksi imempeleka hospitali, simu hana.

"Mmechelewa," ilisema sauti nyuma yao. "Nilidhani kompyuta yenu ina akili zaidi."

Mama Darizi alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na mzani wa mizigo, begi mapajani, mtandio umefungwa vizuri.

"Mama! Basi lako limeondoka!"

"Langu ni la saa tano. La saa nne ni lile nililowaambia nyinyi." Akamtazama Mjomba. "Kaa, mdogo wangu. Umekimbia na wewe si kijana."

Mjomba hakukaa. Alipiga magoti pale pale, kwenye maganda na tiketi zilizotupwa.

"Dada, nina neno."

"Najua neno lako. Inuka, watu watadhani unaniposa."

"Dada..."

"Amekufa. Sivyo?"

Mama akatikisa kichwa mara mbili, taratibu, kama mtu anayethibitisha kipimo cha nguo.

"Nimejua tangu wiki ya kwanza," alisema. "Wewe ulikwenda siku tatu kununua nyuzi, ukarudi bila uzi hata wa kushonea kifungo. Halafu zikaanza hizo barua zako. *Mama nimekula vizuri. Mama nimelala vizuri.* Malkia? Tangu azaliwe hajawahi kuniambia amekula nini! Nikajua huyu ni mzee anaandika."

Kitinda alicheka. Halafu ndipo kilio kikamjia, chote, mpaka Injinia akamshika.

"Na mashine iliniambia," Mama aliendelea. "Nyinyi mnajua kadi, mimi naijua mashine yangu. Haina kumbukumbu, inalishwa mshono kwa mshono kwa hiyo hewa yenu. Ikija simu nyingine na njaa yake, ikaanza kuvuta, mashine inakosa. Inakohoa. Nilikuwa nakaa pale nasikia inakohoa, na baada ya muda mfupi barua ya Malkia inaingia. Kila mara. Nikasema, anayeandika yumo humu. Na kila ikikohoa, mdogo wangu, wewe ulikuwa chooni."

Mjomba aliuficha uso.

"Lakini ulikuwa unanijibu," alisema. "Miezi miwili. Ulikuwa unajibu kila siku."

"Nilikuwa nakujibu wewe. Ulikuwa unatoka chooni macho mekundu. Ulimzika peke yako, hukuwa na wa kumwambia. Ningekunyang'anya na hicho ulichokuwa unaandika?" Akamvuta bega ainuke. "Daktari alisema miezi mitatu. Nilihesabu. Imetimia jana. Leo nakwenda kumwona mwanangu alipolala, na wewe utanionyesha. Nimekata tiketi mbili."

Ungedhani yamekwisha, eh? Hata wao walidhani. Injinia alikuwa ameshachukua begi.

"Sijamaliza," alisema Mama.

Akafungua begi kwa mkono wake mzima. Akatoa kitambaa cheupe kilichodariziwa maua, kisichomalizika. Akakitandaza mapajani. Kwenye jani la tatu palikuwa na kidonda: nyuzi zimerundikana, halafu tundu, halafu mshono unaendelea pembeni, umepotea njia.

"Hii ni siku ile ya sauti. Mashine haikukohoa siku ile, ilisimama kabisa. Nilikuwa naikemea, simu ikalia, nikaisikia sauti ya mwanangu." Akamgeukia Mjomba. "Sasa niambie, na ukinidanganya tena hatutazikana. Ile sauti mliitoa wapi?"

"Ni yake, Dada. Aliirekodi wodini. Ilijituma yenyewe nilipoingia."

"Hapana."

"Nakuapia."

"Haiwezekani! Nilimfungia!" Watu wa mzani waligeuka. "Siku anaondoka nilimwambia akivuka kizingiti asirudi. Nikamwambia huyu" — akamnyooshea Injinia kidole — "mfungie hata hiyo hewa yenu. Badilisha paswedi, asiingie hata kwa simu. Nikasimama nyuma yake mpaka akamaliza. Kwa hiyo simu ya Malkia isingeweza kuingia nyumbani mwangu. Nyinyi mlichukua sauti zake za zamani, mkaunganisha, mkanipa kama dawa. Semeni tu. Mengine yote nimewasamehe. Hili nataka kulijua."

Sasa umeona, msomaji, kilichokuwa kinamla. Kifo alishakikubali, polepole, mshono kwa mshono. Asichokijua ni kama mwanawe alikufa akiwa nje ya mlango.

Injinia alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mama," alisema.

"Sema."

"Sikubadilisha."

"Nini?"

"Paswedi. Sikubadilisha. Nilibonyeza-bonyeza tu ukaona nafanya kazi."

"Kwa nini?"

"Uvivu." Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Kubadilisha ni dakika moja, Mama. Lakini ukibadilisha lazima kila kifaa ukifundishe upya. Printa, simu, fundi saa na maneno yake. Na mashine yako ndiyo mbaya kuliko vyote, ni kazi ya siku nzima. Nikasema nitabadilisha Jumatatu."

"Jumatatu gani?"

"Haijafika bado."

Mama alimtazama mwanawe huyo wa kwanza. Nyumba nzima ilizoea kumcheka: mkokoteni usio na magurudumu, cheti cha miezi mitatu, kesho, Jumatatu, nitafanya.

"Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi," alisema.

"Ulikuwa wazi, Mama. Siku zote."

Kitinda aliitoa ile simu yenye kava jekundu. Mjomba akamtajia namba ya kufungulia. Akaitafuta ile sauti, ya kwanza kabisa juu ya barua zote za kidole kimoja. Pembeni yake iliandikwa siku na saa iliyorekodiwa: Jumanne, saa nane mchana. Ilipofika kwa Mama ilikuwa Alhamisi.

"Jumanne alikuwa hai?" Mama aliuliza.

"Alikufa Jumatano alfajiri," alisema Mjomba.

Kitinda akabonyeza.

*Mama, ni mimi. Usikate. Najua uliniambia nisirudi. Mimi nataka kurudi. Niwekee kiti changu pale dirishani, usimpe mtu. Na mwambie Kitinda kava alilonichania atanilipa.*

Nyuma ya sauti magurudumu ya kitanda yalipita, na mtu akakohoa, na ikaisha.

Miezi miwili Mama alikuwa ameisikiliza mara mia, akitafuta mahali ilipounganishwa. Mara hii hakutafuta kitu. Alikunja kile kitambaa, kidonda kikawa ndani, akakiweka kifuani.

"Kiti chake kipo," alisema. "Sijampa mtu."

Basi la saa tano likaingia. Mjomba akamshika mkono uliolegea, wakapanda. Kitinda na Injinia walisimama pale mpaka stendi ikawa ya watu wengine.

*

Mama Darizi alikaa kule siku nne. Alionyeshwa kaburi, akalizungushia mawe kwa mkono mmoja, hakutaka kusaidiwa. Kile kitambaa alikizika pale. Amerudi. Hakuanguka. Daktari alisema hajui ni kwa nini, akamwongezea dawa.

Mjomba amerudi mezani kwake, anakata ncha za nyuzi. Amenunuliwa simu mpya na ameikataa.

Injinia bado anasema atafanya Jumatatu. Hakuna anayemcheka tena kwa hilo. Alilia kwa wiki moja, kisha akarudi kugombana na jirani.

Fundi saa amehama, amepata chumba ghorofa ya chini ya jengo la pili. Analalamika kwamba hewa haimfikii.

Kitinda ndiye anayeendesha mashine. Kila asubuhi Mama humuuliza, "Wako wangapi?" naye husoma orodha. Simu ya kava jekundu imekaa kwenye kiti cha dirishani, iko kwenye chaji, haizimwi. Tangu fundi saa ahame jibu ni lile lile: "Sita, Mama. Na Malkia yumo."

Isipokuwa Alhamisi iliyopita.

Alhamisi, kiasi cha saa tano asubuhi, mashine ilikohoa. Kitinda akafungua orodha. Kulikuwa na la saba, simu ambayo haijawahi kuonekana, haina jina, namba tupu. Imejiunga yenyewe, haikuuliza mtu. Maana yake mwenye simu hiyo ameshafika hapa siku moja na Malkia, au Malkia alimpa neno la siri kwa mdomo wake.

Injinia alikimbilia dirishani. Barabarani palikuwa na vichwa vingi, na chini kabisa, kwenye kizingiti, mtu amesimama amewapa mgongo, mzigo mdogo mkononi.

"Nimfungie?" alisema. "Mama, leo kweli nitabadilisha. Dakika moja tu."

"Mwache," alisema Mama. "Teremka ukamfungulie."

Injinia alipofika chini kizingiti kilikuwa kitupu. Mlango haukuwa umegongwa. Juu ya ngazi ya kwanza palikuwa na kiatu kimoja cha mtoto mchanga, kipya, kimedariziwa ua, na mshono ulikuwa wa Malkia.